Gari Halijui Kama Umelibadilishia Betri

Juma lililopita vijana wawili waliniletea Prius ya 2012, gari la petroli na umeme, ikiwa juu ya gari la kuvuta. Nyuma ya kiti, mahali pa betri kubwa, walikuwa wamepanga mamia ya seli za laptopu, vibati vya nikeli vimechomelewa kwa mkono safi kuliko wangu. Nikawasifu kwanza, maana kwa macho kazi ilipendeza. Kisha nikaunganisha skana. Gari likiwa limetulia, volti 225. Nikamwambia mmoja akanyage mafuta. Volti zikaporomoka hadi 150, pembetatu nyekundu ikawaka, gari likazima.

"Fundi, ECU imekufa," akasema mkubwa wao.

ECU, kompyuta ya gari inayochunga betri, haijafa, mwanangu. ECU ndiyo pekee iliyokuwa na akili katika safari hiyo nzima.

Hii ni mara ya nne mwaka huu naona kosa lile lile: betri ya nikeli iliyochoka inatolewa, inawekwa ya lithiamu bila kufikiri. Limenichosha, na limeniuma kidogo pia, kwa sababu baadhi ya makosa haya mimi ndiye niliyatangulia. Basi nawaandikia nyinyi mnaoanza. Moduli (kipande kimoja cha betri), bloku (moduli mbili pamoja) na plagi ya chungwa (ya kukata umeme wa betri kubwa) mnavijua, sitapoteza wino zaidi.

0. Namba hii nimeikumbuka baada ya kuandika zingine, lakini ndiyo ya kwanza. Kabla hujanunua seli hata moja, fungua betri ya zamani utazame vibao vya shaba. Huku kwetu Mombasa hewa ina chumvi, na vibao hivyo huota kutu ya kijani. ECU ikisoma volti kupitia kutu, inaona bloku mbovu ambayo si mbovu. Kuna magari nimeyarudisha barabarani kwa siki, brashi na asubuhi moja ya kusugua. Mteja wa namna hiyo hukulipa kidogo, lakini atakuletea mashemeji wote.

1. Tazama seli inatoa ampea ngapi kwa mpigo, usitazame inabeba kiasi gani. Betri ya nikeli ya Prius ni Ah 6.5 tu (ampea-saa, yaani kiasi inachobeba), kama ya pikipiki. Lakini ukikanyaga kupanda Mazeras inatoa zaidi ya ampea 100 na hainung'uniki. Seli ya laptopu imezoea kulisha kompyuta polepole, kama mtu anayekunywa kahawa ya tangawizi barazani. Ukiiambia ikimbie inaanguka, na ndicho kilichowapata wale vijana. Seli za kuhifadhia umeme wa sola ni vivyo hivyo, hata zikiwa mpya. Mimi hutumia zile za mviringo za 38120, za skrubu, LFP, yaani lithiamu ya chuma na fosfati. Nazo ziko za aina mbili: S ya Ah 10 na HP ya Ah 8. Mgeni huchukua ya kumi kwa kuwa kumi ni kubwa kuliko nane. Chukua ya nane. Hiyo ndiyo inayotoa mpigo.

2. Seli tano kwa kila bloku. Bloku ya nikeli imeandikwa volti 14.4 kwenye karatasi, lakini kapime iliyo nzima ndani ya gari, utaikuta karibu na 16. Seli tano za 3.2 ni 16. Bloku ziko 14, kwa hiyo seli 70, volti 224. Ukiweka nne kwa kubana pesa, ECU itaona bloku zimekufa zote na itakuwa na haki. Zile seli nyingine za lithiamu zinazojaa kwa volti 4.2 sizitaki nyuma ya kiti wanachokalia watoto, na sibishani na mtu juu ya hilo. Mwenye Aqua, mdogo wake Prius, ana moduli 20 badala ya 28, apige hesabu yake mwenyewe.

3. Kusawazisha seli, yaani zote ziwe na chaji sawa. Hapa vuteni viti.

Miaka michache nyuma alinijia mwalimu mstaafu, jirani wa binamu yangu kule Kisauni. Prius yake betri imekwisha. Mimi nilikuwa nimeshajenga betri mbili za lithiamu na zote zinatembea, na hakuna fundi wa kuogopa kama aliyejenga mbili. Alikuja Jumatatu. Ijumaa alitakiwa kuwa Wundanyi, harusi ya mpwa wake. Nikamwambia, "Mwalimu, Alhamisi jioni utaendesha." Hakuwa ameniomba Alhamisi. Mdomo wangu tu ulijitolea.

Seli 62 nilikuwa nazo. Nane zilizopungua nikazinunua kwa muuzaji mwingine, aina ile ile, ganda la rangi ile ile. Nikazipima zote kwa mita: 3.29, 3.30, 3.30, 3.29. Nikafurahi kama mjinga. Seli ya LFP ikikwambia 3.30 haijakwambia kitu. Ikiwa na chaji nusu itasema hivyo, ikiwa imepita robo tatu itasema karibu hivyo hivyo. Ni kumtazama mtu usoni ili ujue amekula nini mchana.

Njia sahihi nilikuwa naijua, na hapo ndipo aibu ilipo. Unazichaji zote hadi 3.65, unaziunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unaziacha zilale pamoja hadi mkondo ukaribie sifuri. Zikiamka, zote zinaanza mbio kutoka mstari mmoja. Zile betri mbili za kwanza nilizifanyia hivyo. Lakini seli 70 za Ah 8 ni Ah 560. Chaja yangu ilitoa ampea 10. Hata kama zimejaa nusu, hizo ni saa 28 za kuchaji peke yake, kabla ya kulala. Ilikuwa Jumatano mchana. Na bodi ndogo za kusawazisha, zile zinazokaa juu ya kila seli, zilikuwa bado hazijafika.

Nikajiambia, gari litazisawazisha lenyewe likitembea.

Hilo wazo nililitoa kwenye nikeli. Seli ya nikeli ikijaa kabla ya wenzake, chaji ya ziada inaigeuza joto, inangoja. Ndiyo maana tulizoea kuchaji betri za nikeli polepole usiku kucha na asubuhi zinaelewana. Lithiamu haina subira hiyo. Iliyojaa inaendelea kupanda.

Alhamisi nikalipeleka gari hadi daraja la Nyali na kurudi. Bloku zote 14 zinasoma sawasawa, unaweza kuzipiga picha. Mwalimu akanilipa, akaniombea dua pale pale mlangoni. Dua hiyo inaniwasha mpaka leo.

Kupanda Wundanyi hakukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa Jumapili, kushuka. Anayeijua barabara ya Wundanyi hadi Mwatate anajua: kona juu ya kona, mguu hautoki kwenye breki, na kila breki ni umeme unarudi kwenye betri. Seli 69 zilikuwa na nafasi ya kupokea. Moja, miongoni mwa zile nane, niliiingiza ikiwa na chaji nyingi kuliko wenzake.

Mtaniuliza ECU ilikuwa wapi. ECU haisomi seli, inasoma bloku. Piga hesabu hii, uiandike ukutani: seli nne zikiwa kwenye 3.38 zinafanya 13.52. Ya tano iko kwenye 4.40, inaungua. Jumla 17.92. Na 17.92, kwa bloku ya nikeli inayopokea umeme wa breki, ni namba ya kawaida kabisa. Gari halijui kama umelibadilishia betri. Linaona namba nzuri, linaendelea kusukuma.

Mke wa Mwalimu alikuwa kiti cha nyuma na mjukuu wao. Harufu ilianza kwanza, tamu tamu, na bibi akamgombeza mtoto akidhani amemwaga dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Mtoto akalia, akaapa hajashika kitu. Kisha ukaonekana moshi mweupe ukitoka pembeni mwa kiti. Mwalimu akasimama, akawatoa, akanipigia simu. Hakupandisha sauti. "Fundi, gari lako linatoa moshi, na mke wangu yuko kando ya barabara na viatu vya harusi."

Alisema "gari lako."

Haikushika moto. LFP ni ngumu kushika moto, seli ilipasua valvu yake ikatema, basi. Hiyo ilikuwa bahati ya kemia, fundi hana sifa yoyote hapo. Nikakodi gari la kuvuta, nikaenda mwenyewe Mwatate. Kurudi ni zaidi ya kilomita 150, tumebanana mbele mimi, dereva na Mwalimu, na kutoka Voi hadi Mariakani hakuna aliyesema neno. Mariakani akaniuliza swali moja.

"Hicho kitu ulichoruka, kingechukua siku ngapi?"

"Tatu, Mwalimu."

"Si ungeniambia. Ningepanda matatu."

Nilimrudishia pesa zote, nikaijenga betri upya bure, siku tatu juu ya tatu. Yule mtoto aliyegombezwa bure nilimpelekea mpira. Aliupokea mpira. Hakunisalimu.

Kwa hiyo: kila seli ijazwe peke yake, ipimwe Ah zake na upinzani wake wa ndani, iandikwe namba kwa kalamu ya wino mzito, na seli zilizonunuliwa siku tofauti zisikae nyumba moja kabla ya kupimwa. Bodi ya kusawazisha juu ya kila seli, na kengele ya kulia seli moja ikipita kiwango. Bodi hazijafika, gari halitoki. Mteja anapanda matatu.

4. Waya za kusoma volti ziko 15 kwa bloku 14. Kabla hujachomeka plagi yake kwenye ECU ya betri, weka ncha nyeusi ya mita kwenye waya wa kwanza na utembeze nyekundu: 16.5, 33, 49.5, 66, hivyo hivyo hadi mwisho. Hatua moja ikiruka mbili, simama. Mwanagenzi wangu mmoja aliniambia ameshapima. Tukasikia "tik", sauti ndogo sana kwa bei ya ECU. Siku hizi yeye ana gereji yake Mtwapa na hupima mara mbili, nimemchungulia.

5. Vihisio vya joto vifungwe vikigusa seli. Ukiviacha vinaning'inia hewani, feni itadhani kuna baridi ya Limuru.

6. Vua pete, vua saa. Toa plagi ya chungwa, uitie mfukoni mwako na si juu ya paa la gari, kisha ngoja dakika 10 ili inveta imalize umeme wake. Wengi mnangoja mbili. Glavu za umeme wa volti 1000, si zile za kuoshea vyombo. Ndiyo, nimeziona za kuoshea vyombo, za waridi. Unapojenga, usiunganishe bloku zote hadi dakika ya mwisho. Volti 16 zitakusamehe, 224 hazina msamaha. Nina spana ukutani iliyolika kichwa kama mhogo uliotafunwa na panya. Kila mgeni huuliza, nami humwambia aishike kwanza ndiyo nimsimulie.

7. Mwambie mteja mapema kwamba vipimo vya chaji kwenye dashibodi vitacheza. Volti za LFP hazishuki kwa mteremko kama nikeli, kwa hiyo hesabu ya gari hupotea na vijiti huruka kutoka viwili hadi saba bila sababu. Usipomwambia atakupigia usiku akiwa foleni ya feri ya Likoni, na utamweleza kemia ukiwa kitandani.

8. Kichujio cha feni. Lithiamu mpya haisamehe feni iliyoziba, na betri nyingi za nikeli tunazozika ziliuawa na vumbi na mikoba iliyowekwa juu ya tundu la hewa. Katika feni moja nilitoa kokwa za ubuyu, nyekundu bado, na risiti ya duka la viatu.

Wale vijana wawili sikuwafukuza. Seli zao za laptopu zitawasha taa nyumbani kwa mama yao, zitamfaa. Wamerudi na seli 70 za HP, wamezipanga chini ya dirisha langu, zote zimeunganishwa pamoja, mita ya ampea imewekwa juu ya kopo la rangi. Leo ni siku ya tatu. Mkubwa wao ameinama, ananiuliza bila kugeuka, "Fundi, imefika ampea moja. Bado?"

Bado.