Mbung'o jike huzaa, hazaliani

SWALI: Nasomea mifugo. Katika ripoti yangu kuhusu akwaporini, yaani protini zinazopitisha maji kwenye seli, niliandika: "Protini za akwaporini humsaidia mbung'o jike kuzaliana." Mwalimu amelifuta neno la mwisho na kuandika "kutaga mayai." Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu wako amemkosea mdudu, nawe umekikosea kitenzi. Mbung'o hatagi. Yai lake moja huanguliwa ndani ya tumbo la uzazi, na buu hulishwa maziwa ya tezi za mama; mimba nzima huchukua siku tisa hivi. Akishatoka hujichimbia udongoni. Huko ni kuzaa.

Lakini "kuzaliana"! Neno hili limejaa katika maandishi ya sayansi, kana kwamba "kuzaa" ni la sokoni tu, halifai kuingia maabara. Mtu anaandika bila wasiwasi: "Mbung'o jike huzaliana kila baada ya siku tisa." Huzaliana na nani? Kauli ya kutendeana inadai mwenzi: Juma hapigani peke yake, anapigana na Ali. Na mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu, akahifadhi mbegu za kumtosha maisha yake. Siku anayozaa dume hayupo, pengine keshakufa, na bado mwandishi anamburuta hadi kwenye kitenzi. Wengine wanathubutu hata kuandika "huzaliana buu mmoja." Hilo silivumilii. Buu anazaliwa, na aliyemzaa ni mama yake peke yake.

Ile l ya "kuzaliana," kwa taarifa yako, ni ya kale: imedondoka katika "zaa," ikabaki katika "zaliwa," "mazalia" na "mzalendo."

Kwa wingi sina ugomvi. "Mbung'o wanazaliana polepole" ni Kiswahili safi, maana tunazungumzia kundi zima linavyoongezeka. Ukipenda "wanazaana," sawa pia. Na ni kweli: uzazi huo wa polepole ulisaidia Unguja kuwatokomeza katika miaka ya 1990, kwa kuachia madume waliofanywa tasa kwa mionzi.

Basi andika "humsaidia mbung'o jike kuzaa." Bora zaidi, andika "kumnyonyesha buu wake." Akwaporini hupitisha maji kwenye utando wa seli, na maziwa hayo sehemu kubwa ni maji; ndiyo maana watafiti walipozizima jeni zake katika mbung'o, uzazi ulishuka.