Mbegu ya kivumbasi haifukiwi

Mara ya kwanza kupanda kivumbasi, ule mmea wa majani ya kunukia, hapa nyumbani Mikindani, Mtwara, nilichimba vishimo kama vya mahindi, nikatia mbegu, nikafukia. Nilimwagilia wiki tatu na hakikuota hata kimoja. Bibi aliposhuka kutoka Newala akaniuliza, "Umezitia chini kiasi gani, mjukuu wangu?" Nikamwonyesha kidole. Akaniambia mbegu ndogo namna ile inataka kuona jua.

Sasa nasia kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini. Nachanganya mchanga na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, nasawazisha, nanyunyiza mbegu juu juu, kisha nazikandamiza kidogo kwa kiganja. Maji natilia kwa chupa yenye kifuniko cha matundu, kwa sababu ukimimina kwa kopo mbegu zote zinakimbilia pembeni. Baada ya wiki moja au mbili miche inachungulia. Ikiwa na majani sita hivi naihamisha, kila mche na nafasi yake ya hatua moja. Kivumbasi si mrehani. Kikipapenda mahali kinakuwa kichaka cha kufika kifuani.

Kama jirani anacho, mwombe tawi changa la shibiri moja lisilo na maua. Toa majani ya chini, lichomeke kivulini penye unyevu.

Shida kubwa ya huku kwetu ni kiangazi. Mvua zinaanza Novemba au Desemba, zikikatika Mei ndiyo basi, na upepo wa kusi unakausha kila kitu. Kwa hiyo pandikiza mvua zikiwa bado mbichi, mizizi iwahi kushuka. Udongo wetu wa kichanga haushiki maji, ndiyo maana mimi natandaza majani makavu ya mkorosho kuzunguka shina, ila yasiliguse. Na onja maji ya kisima chako kabla ya kumwagilia. Ya kwangu yana chumvi, na mwaka mmoja yalibabua kingo za majani yote hadi nikaanza kukinga maji ya mvua kwenye pipa.

Jambo ambalo wengi hawalifanyi ni kukata. Kikiachwa kitoe mashuke, nguvu yote inaishia kwenye maua, majani yanakuwa madogo na shina linakuwa gumu kama mti. Mimi nakata ncha kila zinapoanza kufunga shuke, na kila ninapokata yanatoka machipukizi mawili. Nabakiza matawi machache tu kwa ajili ya nyuki na mbegu.

Majani yake yana harufu ya karafuu, nasi tunayatumia kujifukizia mafua. Tafadhali, mtoto mdogo usimfunike shuka na sufuria inayochemka, mvuke unaunguza. Na homa ikipanda, nenda ukapime malaria kwanza. Jioni nachoma majani kwenye kigae kufukuza mbu, lakini chandarua sikiondoi kitandani.

Mashuke yakigeuka kahawia nayakata, nayapukuchua juu ya ungo, napepeta, nafunga mbegu kwenye kitambaa kikavu. Fungu la mwaka huu nimempelekea Bibi. Newala maji ni ya shida na kivumbasi chake kilikufa kiangazi kilichopita, kwa hiyo nimemwekea na ndoo yenye mchanga na samadi tayari.