Airisi ya maji imejaa majani, maua hakuna

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wenzangu wenye vidimbwi vya bustani, Arusha na Moshi, kuhusu airisi, mmea wa maua unaopandwa majini, ni hili: "Majani yamenifika kiunoni, maji hayakauki, mbona haitoi ua?" Wengi hudhani maji ni machache, kwa hiyo wanaongeza. Kumbe maji ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Ua linataka jua, chakula na kaubaridi ka Juni hadi Agosti. Na kabla ya hayo yote, uwe umenunua airisi kweli.

Wauza maua wa kando ya barabara watakuuzia Dietes, ile ya majani meusimeusi magumu inayopandwa mbele ya mahoteli, wakikuapia kwamba ni airisi. Hawadanganyi sana, maana ni ukoo mmoja, tena Dietes ni ya Afrika hii hii. Ila si airisi ya maji ya kuzamishwa kidimbwini. Maua yake ni madogo, meupe au ya njano hafifu, mengi hayamalizi siku mbili. Kama muuzaji hana mche wenye ua, mwambie akuoneshe hata picha aliyopiga kwenye kitalu chake. Akisita, ondoka.

Airisi ya njano, Iris pseudacorus, ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo ninayowakataza watu. Asili yake ni Ulaya, Asia ya Magharibi na Afrika ya Kaskazini, na Afrika Kusini imekwisha kuiweka kwenye orodha ya mimea vamizi. Mbegu zake huelea, na kipande cha tunguu, lile shina nene la udongoni, kikimeguka kinaota kwingine. Sasa fikiria nyumba zetu zilivyo: kidimbwi kikifurika masika, maji yanaingia mfongo (mfereji wa kumwagilia mashamba) au mtaro, mtaro unamwaga Themi au Karanga, na mito yote hiyo mwisho wake ni Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu. Kanda ya Ziwa wanajua magugumaji yalivyowatesa. Sitaki sisi tuwe watu wa kuanzisha la kwetu kwa ajili ya ua la njano.

Panda airisi za Louisiana. Zinatoka kwenye vinamasi vya kusini mwa Marekani, joto zinalijua, kwa hiyo hata Moshi mjini, chini kule kwenye mwinuko wa mita mia nane na kitu, zinakubali. Rangi zipo nyingi: zambarau, nyekundu ya matofali, buluu, nyeupe. Iris versicolor, ya buluu, nayo ni nzuri kwa wa Arusha na wa juu kule Machame na Kibosho, wenye baridi ya uhakika zaidi. Za Kijapani, Iris ensata, ni nzuri mno lakini zina makuu: zinataka unyevu wakati wa kukua, kisha hazitaki mizizi yake isimame majini mwaka mzima, na udongo wenye chokaa hazitaki kuusikia.

Hapo ndipo wa Arusha tuna shida yetu. Maji mengi yanayotoka kuzunguka Mlima Meru yana magadi na floraidi nyingi. Meno ya watu wa huku yanatoa ushahidi. Gladiola, ndugu wa airisi, anajulikana kwa kuungua ncha za majani akipata floraidi nyingi. Halafu kiangazi maji yanapungua kidimbwini kwa jua, lakini chumvi haipungui, inabaki. Ukijaza tena kwa bomba unaongeza chumvi juu ya chumvi. Mimi nakinga mvua ya bati kwenye tanki na kuitunza kwa ajili ya kujazia. Isipotosha, punguza maji ya zamani, yamwagie nyasi, ndipo ujaze mapya. Majani ya airisi yakianza kugeuka njano huku mishipa imebaki kijani, shuku maji kabla hujashuku ugonjwa.

Kupanda si kazi. Chukua chombo kipana chenye matundu, hata karai la plastiki lililotobolewa linafaa, ujaze udongo mzito wa mfinyanzi. Usiweke samadi mbichi, maji yataoza na kuwa kijani. Kata majani yabaki urefu wa kiganja, laza tunguu kama lilivyo, mizizi chini, lifunike kidogo tu. Juu weka changarawe ili udongo usitoke. Zamisha hadi maji yapite juu ya udongo sentimita tano hadi kumi, basi. Perege wakubwa wataufukua huo udongo; weka samaki wadogo wa kula viluwiluwi, maana kidimbwi bila samaki ni shamba la mbu.

Jua ni saa sita kwa siku, si pungufu. Nimeona vidimbwi vimechimbwa chini ya mgrevilea au katikati ya migomba kwa sababu pale pana ubaridi wa kukaa. Binadamu atapumzika vizuri, airisi itatoa majani tu.

Chakula nakitoa mwishoni mwa Agosti, baridi inapoachia, na tena baada ya maua. Mbolea ya NPK kidogo, nafunga kwenye kipande cha gazeti na kuizika udongoni karibu na mizizi. Usiinyunyize majini, utalisha mwani. Na urea iache kabisa: ndiyo hiyo inayokupa majani ya kiunoni. Za Louisiana zinakula sana, kwa hiyo mche uliokaa miaka minne chombo kile kile bila kugawanywa hauna nafasi wala lishe, na hiyo ni sababu nyingine ya kukosa maua. Ng'oa baada ya kuchanua, tupa katikati palipozeeka, panda vipande vya pembeni vyenye majani mapya.

Vaa glavu ukigawanya, utomvu unawasha. Tunguu lake lina sura ya tangawizi, na lina sumu, kwa hiyo usiliache jikoni wala mahali watoto wanapocheza. Kubwa zaidi ni ng'ombe wa ndani: mwambie anayekata majani asichanganye ya airisi kwenye mzigo, kwani yanaumiza ng'ombe na mbuzi. Mimi mabaki yote nayakausha juani kwenye bati kisha nachoma. Mboji siweki, wala situpi mfongoni.

Mbegu nazo usizisubiri zikomae. Ua likinyauka, kata kikonyo chake.

Kuhusu kupata miche, njia bora ni kuomba kipande kwa mtu uliyeona airisi yake ikichanua. Shangazi yako aliyeko Uingereza akitaka kukuletea tunguu kwenye begi, mwambie asubiri. Kuingiza mimea nchini kunahitaji kibali pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka inakotoka, na wahusika, TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu), makao yao makuu yako hapo Ngaramtoni, Arusha. Ulizia kwanza kabla hajalipia miche.