Ukiitwa kwenye jopo la kupandisha watafiti vyeo, soma makala kwanza

Nimekaa kwenye majopo ya kupandisha wahadhiri vyeo hapa Nairobi kwa muda sasa. Ushauri wangu kwa anayeitwa mara ya kwanza ni huu: omba makala zenyewe mapema, uzisome, ndipo utazame takwimu za manukuu, yaani makala hizo zimenukuliwa na wengine mara ngapi. Ukianza na takwimu utakuwa umeshahukumu.

Kinachopotosha zaidi ni kipimo cha athari ya jarida. Eugene Garfield alitoa wazo lake mwaka 1955, na baadaye kikawasaidia wakutubi kuchagua majarida. Huchukuliwa idadi ya mara ambazo makala za miaka 2 iliyotangulia zilinukuliwa mwaka husika, ikagawanywa kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani wa jarida zima, na makala chache zinazonukuliwa mno ndizo huupandisha. Kuhusu makala iliyo mbele yako, haukuambii kitu. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, DORA, la 2013, linasema waziwazi kipimo hicho kisitumike kumpima mtafiti.

Fahirisi ya h nayo itumie kwa tahadhari. Mtafiti mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Mkongwe humshinda kijana kwa sababu ya miaka tu. Mtu wa tiba humshinda mwanahisabati kwa kuwa fani yake hunukuu sana. Tena mtu yuleyule ana namba moja Google Scholar na nyingine Scopus, hifadhidata mbili zinazohesabu manukuu.

Linaloniuma hasa ni utafiti wa hapa nyumbani. Faili moja ilikuwa ya mtafiti wa udongo aliyefanya kazi na wakulima wa Makueni. Makala zake zilitoka kwenye majarida ya Afrika Mashariki yasiyomo Scopus, kwa hiyo safu ya manukuu ilikuwa karibu tupu. Nilipozisoma nikakuta vipimo vya msimu baada ya msimu, na mashamba ambako mbinu yake haikufaa ameyaeleza bila kuficha. Mwenzangu aliyekuwa ameshamkataa akaomba faili irudishwe mezani. Ilani ya Leiden ya 2015, inayohusu matumizi ya takwimu katika kupima utafiti, ina kanuni ya kulinda utafiti bora wenye manufaa ya mahali ulikofanyika. Itaje kikaoni, iandikwe kwenye kumbukumbu.

Nawe unayeomba cheo, kando ya kila makala andika sentensi mbili tatu: uligundua nini, nani anakitumia, na kati ya waandishi wote wewe ulifanya lipi. Kagua na rekodi yako. Majina yetu huandikwa kwa namna nyingi, na huenda makala zako zimehesabiwa kwa mtu mwingine. Jisajili ORCID, mfumo unaompa kila mtafiti namba yake ya utambulisho, ni bure, na uweke namba yako kwenye kila makala unayowasilisha.