Usiniulize apu gani, niulize foromali ilivunjikaje

Juzi kijana mmoja wa Malindi kanitumia meseji, ana boti ya kupeleka wageni kuangalia matumbawe, ananiuliza, "Kaka, apu gani nzuri ya kuona tornado ikija?" yaani ule upepo unaozunguka kama mrija kutoka winguni. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana miaka miwili nyuma mimi mwenyewe nilikuwa naamini bahari yote ya Lamu imo ndani ya simu yangu.

Na meseji imenikuta nina kichwa kikubwa kidogo, tusidanganyane. Alhamisi iliyopita gatini nimewaudhi watu. Safari ya Faza, watu wa harusi, masufuria, viti, mama mmoja kapakata keki kama mtoto mchanga, na mimi nikasema haondoki mtu mpaka lile wingu lipite. Waliniita mwoga. Mmoja akaniuliza mbele za watu kama bado naiota ile foromali, ule mti unaobeba tanga. Nitarudi hapo.

Foromali yenyewe ni hii. Ilikuwa Aprili, mashua ni ya ami yangu, yeye mguu ulikuwa umemvimba siku hiyo akanipa usukani mimi. Tumetoka alfajiri na umande, upepo mwanana wa kutoka bara, wageni wanne, tunaelekea Manda Toto. Saa tatu hivi upande wa mashariki kukawa na wingu, chini jeusi, katikati limevimba kama koliflawa, juu limelala bapa kama fuawe la mhunzi. Baharia tuliyekuwa naye ni mzee, kaangalia mara moja tu akasema, "Mai yale yamekuwa meusi, tua tanga." Mimi nikatoa simu nikamwonyesha. Wallahi nilimwonyesha skrini! Kasi ya upepo noti 8, kishale kijani. Yeye hakusema kitu, akaanza kuwavalisha wageni maboya.

Kisha umande ukakata. Tanga likalegea, demani, ile kamba ya tanga, ikaanguka majini, bahari shwari kabisa mpaka nasikia mgeni anamenya chungwa. Dakika mbili, tatu. Ndipo nikahisi baridi shingoni, kutoka upande ambao upepo haukuwa, na harufu ya mvua ilhali hakuna tone lililoanguka, na pale kwenye maji meusi kukatokea mstari mweupe unakuja mbio. Tanga likapigwa kinyume likang'ang'ania mlingoti, foromali ikavunjika kama muwa, mashua ikalala ubavu maji yakaingia. Tumefua maji kwa ndoo moja na kofia ya mgeni mpaka wavuvi wa Kizingitini wakatukuta. Hakufa mtu, mgeni mmoja kavunjika mkono. Ami alipoona mashua inavutwa hakunitukana, alisema tu, "Kuanzia leo wewe shika simu, usukani wacha." Mpaka leo naendesha boti ya mashine ya tajiri mwingine.

Sasa ndugu yangu wa Malindi, nimekuja kujifunza baadaye kilichotupiga. Mvua ikianguka ndani ya wingu inapoza hewa, hewa ya baridi ni nzito, inaporomoka, ikifika majini inasambaa pande zote kama ndoo ya maji uliyoimwaga sakafuni. Ndiyo maana upepo unakufikia kabla ya mvua, na ndiyo maana ule utulivu wa mwanzo si salama, ule ndio wakati wako wa mwisho wa kutua tanga. Upepo ukipanda kutoka noti 10 hadi 30 nguvu yake kwenye tanga haizidi mara tatu, inazidi mara tisa! Idara ya hali ya hewa yetu ikitoa tahadhari ya upepo huwa inataja noti 25 kwenda juu, basi usidhani ni namba ndogo.

Na simu ilikosea wapi? Ule utabiri wa kompyuta wa Wamarekani unaolisha apu nyingi za bure unazifikia apu hizo umegawanywa kwa miraba ya kama kilomita 28, na unapigwa hesabu upya mara nne tu kwa siku. Lamu, Shela na Manda zote zinaweza kuingia mraba mmoja, hilo wingu lako litaonekanaje? Mimi siku hizi naangalia picha za satelaiti, Meteosat, zile za kila dakika 15, naona wingu linapanuka au linakufa, linaelekea wapi. Lakini dakika 15 wingu la mbio linakata kilomita 10, kwa hiyo picha ni ya kuamua kama utatoka, ukishakuwa baharini tumia macho. Radi nayo hesabu, ukiona mwanga hesabu mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja, ikiwa chini ya thelathini ulitakiwa uwe ushafika nchi kavu.

Tornado sasa. Zile za Oklahoma, Marekani, zinataka upepo wa juu na wa chini utofautiane sana ili wingu zima lizunguke, huku kwetu karibu na ikweta hali hiyo ni nadra. Chetu ni ile chamchela ya baharini, mrija mwembamba unaoning'inia chini ya wingu, bibi zetu wanasema mna jini ndani na mimi sibishani na bibi. Ukiuona unasogea kushoto au kulia, unakupita. Ukiuona umesimama palepale ila unanenepa, unakuja kwako, kata kona uuache ubavuni, usikimbizane nao. Na wacha kurekodi video! El Reno, hukohuko Oklahoma, Mei 2013, tornado ilipanuka ghafla hadi kilomita 4 na ushei ikabadilisha njia, ikamuua Tim Samaras, mtu aliyezisoma tornado miaka mingi na vipimo vyake garini. Wewe una simu na bando la mia, unasimama mbele ya mungu gani?

Haya, Alhamisi. Watu wa harusi wamenuna, wanaume wawili wanatafuta boti nyingine, na ami amekaa pale ukutani na mashua yake chini, ananisikia wanavyonisema. Hajanitetea. Kaangalia mashariki, kaangalia bendera ya gatini ilivyolala ghafla, akamwita kijana wake kwa sauti ya chini, "Lete nanga ya pili."