Kava linazuia kioo kupasuka?
Mdau, umeuliza kama kava la elfu tano linaokoa simu ikianguka. Linasaidia, ila kagua kona na ukingo. Simu ikitua kwa kona, nguvu yote inaishia sehemu ndogo ya kioo. Silikoni nene inabonyea na kuipunguza. Ukingo nao uwe umepanda juu ya kioo, la sivyo ikianguka kifudifudi kava halina kazi. Ikiangukia kokoto katikati ya kioo, hapo tegemea protekta (na bahati).

Yale maandishi ya MIL-STD-810G (kiwango cha jeshi la Marekani cha kupima uimara wa vifaa) kwenye boksi yasikubabaishe. Jaribio lake la kuangusha ni kutoka kimo cha sentimita 122 hadi kwenye mbao, si lami ya Kariakoo, na hakuna jeshi lililokagua kava lako. Yale makava magumu ya kung'aa, mepesi kama karatasi, achana nayo.