Wapokeaji Wanne Wakitawanyika, Nani Atoke?

Kijana mmoja anayesaidia kufundisha futiboli ya Kimarekani katika shule ya sekondari huko Ohio ameniandikia: "Kocha, wapinzani wetu wa Ijumaa hupanga wapokeaji wanne wa pasi mwanzo hadi mwisho. Nimtoe nani?"

Mtoe lainibeka mzito, yule mlinzi wa safu ya kati, mdogo wangu. Mwingize anayejua kumwangusha mtu akiwa peke yake, hata kama kilo zake ni haba. Ningeweza kuishia hapo, lakini swali lako limenitonesha kidonda.

Mimi nimekulia raga, Nairobi. Nilipoanza kujitolea katika shule moja hapa Minnesota nilikabidhiwa walinzi wa nyuma, kazi ambayo wenzangu hawakuitaka. Tulikuwa na wanne mbele, malainibeka watatu, wanne nyuma. Timu za kusukumana katikati hazikututisha. Kisha wakaja hawa wa kutawanyika: wapokeaji wanne, mkimbiaji mmoja kando ya kotabeka, mrushaji pasi. Lainibeka wetu mkubwa kuliko wote, kipenzi cha mji, akajikuta pembeni akimfukuza mtoto mwembamba kama sindano. Hakumgusa. Wakati wa mapumziko nikamwambia kocha mkuu amtoe. Akanijibu mbele ya wachezaji kwamba raga ni mchezo mwingine, nisubiri kuulizwa. Neno hilo sijalisahau, wala sijifanyi nimelisahau.

Na nilikuwa nasema hesabu tu. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi, karibu mita 49. Kwa kanuni za sekondari zinazotumika majimbo mengi, alama za kuwekea mpira zinaugawa upana huo mafungu matatu sawa. Mpira ukiwekwa kwenye alama ya kushoto, kulia kunabaki zaidi ya mita 32. Vyuoni alama hizo zimekaribiana zaidi, ndiyo maana anayenakili mpango wa chuo alichokiona kwenye runinga huumbuka. Mlinzi wa upande ule mpana hana wa kumsaidia. Akikosa, wanafunga.

Upande wa pili wa hesabu: wakitoa wapokeaji wanne, wanabaki na wazuiaji watano. Wewe ukiweka wanne mbele na malainibeka wawili, una sita katikati. Wanatosha, mradi ijulikane nani anamkaba kotabeka akiamua kukimbia mwenyewe. Wa saba, yule lainibeka wa tatu, anampisha mlinzi wa tano wa nyuma.

Kocha Gary Patterson alicheza hivyo na TCU, timu ya chuo kikuu huko Texas, miaka mingi. Watu huniambia watano nyuma watasagwa na timu ya misuli. Basi warudie Rose Bowl, ile mechi kubwa ya vyuo, ya tarehe 1 Januari 2011: TCU 21, Wisconsin 19, na pasi ya kusawazisha ilipanguliwa na Tank Carder, lainibeka. Patterson huyohuyo alimchukua Jerry Hughes, mkimbiaji wa sekondari, akamgeuza mlinzi wa mbele. Mwaka 2010 Hughes akachaguliwa raundi ya kwanza kwenda NFL, ligi ya kulipwa. Nafasi iliyoandikwa kwenye karatasi haikumfunga.

Kocha mkuu mwingine alipokuja, niliachiwa kuchagua. Nikamtoa benchi kijana mfupi ambaye hata wenzake walimcheka, nikamweka upande mpana. Ijumaa iliyopita wale wa kutawanyika walirudi kwetu, na wakaondoka wamenuna. Ndiyo, najisifu.

Mwaka 2014 Pete Carroll, wakati huo kocha wa Seattle Seahawks ya NFL, alitoa video ya kufundisha kukaba kwa mtindo wa raga: bega kwanza, kichwa kando. Sikusikia mtu akimwambia raga ni mchezo mwingine.

Vijana, acheni kuabudu miili. Acheni pia kuogopa wazazi wanaosimama uzioni wakitaja kilo za watoto wao. Mbio nazo zisikudanganye; nimeona wenye mbio wakimfikia mtu na kumpitiliza.

Wewe wa Ohio, Jumanne weka koni mbili, mita kumi kati yake. Mbebaji mpira mmoja, mlinzi mmoja, wakiwa wamevaa vifaa vyote. Wapitishe wote, malainibeka, masefti (walinzi wa nyuma kabisa), hata wakimbiaji wako wa akiba. Andika majina ya wanaoangusha, na wa tano achaguliwe kutoka kwenye orodha hiyo. Kocha mkuu akikataa, mwonyeshe karatasi mkiwa wawili ofisini, si mbele ya wachezaji.